Je, wajua? Uso wa Audrey Hepburn ulivyobaki macho, pua na mdomo tu

Katika filamu ya Funny Face ya mwaka 1957, Jo Stockton (Audrey Hepburn), muuza vitabu wa Greenwich Village jijini New York, anawakimbia watu wa jarida la mitindo wanaotaka kumkata nywele na kumgeuza sura. Anakimbilia chumba cha giza, kile cha kusafishia picha, na humo anamkuta mpiga picha Dick Avery akikuza picha ya uso wa Jo. Picha yenyewe ni ya ajabu. Haina mashavu, paji wala mstari wa taya. Kuna macho, nyusi, matundu ya pua na midomo juu ya weupe mtupu, na bado unamtambua Audrey Hepburn papo hapo.

Dick, anayechezwa na Fred Astaire, ameundwa kwa mfano wa Richard Avedon, mpiga picha wa jarida la mitindo la Harper's Bazaar. Mwongozaji Stanley Donen alimleta Avedon mwenyewe awe mshauri wa picha wa filamu hiyo, na picha ile ya uso ni kazi yake. Basi mashavu yalikwenda wapi?

Jibu limo kwenye negativu, yaani filamu ya kamera iliyosafishwa, ambayo weupe na weusi wake vimegeuzwa. Mahali palipopokea mwanga mwingi, kama ngozi nyeupe iliyopakwa poda, negativu huwa nyeusi tii. Mahali pa giza, kama mboni, kope na rangi ya mdomo, huwa angavu. Ukiiweka negativu hiyo kwenye mashine ya kukuzia, mwanga wa taa unapita kwenye macho na midomo na kuichoma karatasi mpaka iwe nyeusi, ila kwenye shavu unazuiwa. Karatasi inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Ukiwa umempiga mtu picha mbele ya ukuta mweupe, shavu na ukuta vinakuwa kitu kimoja na mpaka kati yao unapotea.

Kazi inaanza kabla kamera haijabofywa. Taa laini huwekwa karibu kabisa na usawa wa lenzi ili pua isitupe kivuli pembeni, na ubao mweupe huwekwa chini ya kidevu urudishe mwanga shingoni. Ukuta upewe mwanga sawa na uso, au mara mbili yake, basi. Ukizidisha, mwanga wa ukuta unatawanyika ndani ya lenzi na weusi wa macho unafifia kuwa kijivu. Kisha filamu ya kamera ipewe mwanga mara mbili hadi mara nne ya kile kipima mwanga kinachosema. Rangi ya mdomo nayo ina hila zake: midomo myekundu ikipigwa kwa filamu isiyoona wekundu hutoka myeusi, lakini kwa filamu inayoona rangi zote, ukiweka kichujio chekundu mbele ya lenzi midomo inafifia karibu na ngozi, na picha ya namna hii inakufa hapohapo.

Kwenye chumba cha giza, uamuzi mkubwa ni karatasi. Karatasi za kusafishia picha hupangwa kwa namba, kuanzia laini hadi kali. Namba 2 ndiyo ya kawaida, na inaonyesha vijivu vingi kati ya nyeupe na nyeusi. Hapa inatakiwa namba 4 au 5, inayoruka karibu moja kwa moja kutoka nyeupe kwenda nyeusi. Kata kipande chembamba cha karatasi, kifunike kwa kadi chini ya mwanga wa mashine ya kukuzia, ukifunue hatua kwa hatua kila sekunde 3, kisha kisafishe. Tafuta hatua ambayo mboni ni nyeusi kamili na shavu halina doa. Ukiona ukungu wa kijivu chini ya taya, muda umezidi. Ukiona kope za rangi ya majivu, muda haujatosha, au karatasi ni laini mno.

Dawa ya kusafishia iwe nyuzi joto 20. Karatasi yenye utando wa plastiki hukaa humo dakika 1, ile ya kawaida isiyo na utando dakika 2. Mboni na kope hutangulia kutokea, midomo inafuata, na kwingine kote hakuji kitu. Hapo ndipo wengi wanaogopa picha itakuwa nyeusi mno na kuichomoa mapema. Matokeo yake ni weusi wenye mabaka. Iache imalize muda wake.

Chumba cha giza huwa na taa nyekundu, na ipo kwa sababu karatasi huitikia mwanga wa buluu, na aina nyingine kijani pia, lakini wekundu hauiamshi. Filamu ya kawaida ya kamera huona rangi zote, kwa hiyo huingizwa kwenye tangi lake la kusafishia gizani kabisa. Wekundu unaouona kwenye sinema hiyo ni mkali kuliko wa chumba halisi, maana filamu ya rangi ya siku zile ilihitaji mwanga mwingi. Kwa picha hii taa mbovu ni hatari maradufu, kwa kuwa karibu uso wote ni karatasi tupu. Ipime hivi: ipe karatasi mwanga kidogo wa mashine, wa kuifanya kijivu hafifu, weka sarafu juu yake, iache chini ya taa nyekundu dakika 5, kisha isafishe. Ukiona duara la sarafu, taa yako inavujisha mwanga usiotakiwa.

Kwa ngozi nyeusi, njia hii haitoi matokeo yaleyale. Ukiongeza mwanga mpaka shavu liwe jeupe, weupe wa macho na meno unapotea kabla, na midomo haitofautiani vya kutosha na ngozi. Geuza mpango: ukuta mweusi usio na taa, taa moja pembeni, poda isiwekwe ili ngozi ing'ae, na mwanga wa filamu upungue hadi nusu ya kipimo. Uso utazama kwenye weusi, na kitakachobaki ni mng'ao wa macho, mgongo wa pua na ukingo wa mdomo. Karatasi namba 3 inatosha, kwani ile kali itakula vijivu vya shavu vinavyoipa ngozi uhai wake.