Je, sarafu kongwe lazima iwe ghali?

Watu wengi huamini kwamba kadiri sarafu inavyokuwa ya zamani, ndivyo bei yake inavyopanda. Ni wazo linaloeleweka, maana kitu kilichodumu karne nyingi huonekana adimu.

Hata hivyo, bei hutegemea zaidi idadi ya sarafu zilizobaki, hali yake, na wingi wa wanaoitafuta. Sarafu ndogo za shaba za Roma ya karne ya 4 zilitengenezwa kwa wingi mno, na hadi leo bado zinafukuliwa ardhini. Nyingi huuzwa kwa bei ndogo, ingawa zina zaidi ya miaka 1,600. Kinyume chake, senti za Marekani za 1943 zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki, ila chache zilipigwa kwa shaba kimakosa, na hizo hugombewa kwa fedha nyingi sana. Ndiyo maana wapo wanaopaka senti za chuma rangi ya shaba. Sumaku huwaumbua mara moja, kwani huvuta chuma lakini haivuti shaba. Wengine huchonga tarakimu ya mwaka kwenye senti ya shaba ya mwaka mwingine ili isomeke 1943, basi itazame kwa lenzi.

Kabla ya kulipa, tafuta bei ambazo sarafu ya aina hiyo, katika hali kama hiyo, imeuzwa kweli minadani. Bei anayotaja muuzaji ni ombi tu. Pima pia uzito na kipenyo, ulinganishe na katalogi. Na ukishainunua, tafadhali usiisugue: kung'arisha huharibu uso wake wa asili, na wakusanyaji wazoefu huitambua haraka na kupunguza bei.