Ndege za Desemba: maswali ninayoulizwa dirishani

Mwezi Desemba ukianza, wateja wa duka letu la dawa hapa Dar es Salaam ni wale wale, ila haja zao hubadilika. Wa presha na sukari wanataka dawa za miezi miwili kwa mkupuo. Mmoja anakwenda Toronto kuona mjukuu, mwingine Muscat kwa dada yake, mwingine amekata tiketi ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ili ale Krismasi Moshi bila kushinda barabarani. Wapo pia wanaokuja kutoka huko, wamekaa nje miaka mingi. Nimeyaandika hapa maswali yao na majibu ninayowapa. Wengi wanaoteseka safarini wanateswa na jambo ambalo lingemalizwa nyumbani wiki moja au mbili kabla.

Mama ana presha na sukari, na hajawahi kupanda ndege. Dawa zake ziwekwe wapi?

Mkononi. Zote, kwenye mkoba anaoingia nao ndani ya ndege na kuuweka miguuni pake. Hili nalisisitiza kwa sababu lilimpata mama yangu mzazi: dawa zake za presha zilikuwa kwenye begi kubwa, begi likachelewa siku mbili, na yeye akafika ugenini bila hata kidonge kimoja. Tulizunguka nchi ya watu tukitafuta daktari wa kumwandikia cheti upya, mama naye kichwa kinamgonga.

Kwa anayechoma insulini kuna sababu nyingine. Sehemu ya mizigo ya ndege inaweza kuwa na baridi kali, na insulini iliyowahi kuganda haifai tena, hata kama ukiitazama inaonekana nzima. Ndani ya ndege haihitaji barafu. Kipochi kisichopitisha joto kinatosha.

Dawa ibaki kwenye kasha lake lenye jina la mgonjwa. Usizichanganye kwenye kichupa kimoja ili kuokoa nafasi, maana afisa wa ukaguzi hatajua kipi ni kipi, na wewe mwenyewe ukiwa na usingizi utakosea. Mwombe daktari barua fupi ya Kiingereza inayotaja ugonjwa, dawa, kipimo, na sindano kama zipo. Dawa ziandikwe kwa jina la kitaalamu, kwa sababu jina la kibiashara tunalolijua hapa huenda kule halipo. Beba pia za wiki moja zaidi ya siku za safari.

Ile sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100 haizuii dawa anazohitaji mgonjwa wala maziwa ya mtoto mchanga. Vitoe mwenyewe uvionyeshe kabla hujaulizwa.

Kidonge cha mara moja kwa siku hakisumbui sana: unakisogeza taratibu mpaka kiangukie saa ya kule. Insulini usiisogeze kwa kubahatisha. Ukiruka kwenda magharibi siku inarefuka, ukienda mashariki inafupika, na daktari anaweza kukuandikia mpango wa sindano kwa siku hiyo. Beba na kitu cha kutafuna, kwa maana chakula cha ndege hakiji kwa saa za tumbo lako.

Tiketi imeandikwa 02:40, tarehe 22. Twende uwanjani lini?

Wengine hushangaa kwa nini mtu wa dawa anajibu hili. Nalijibu kwa sababu nimeona watu wakipandwa na presha kwenye kaunta ya uwanja kwa ajili yake tu. Saa za tiketi si saa zetu. 02:40 ni saa nane na dakika 40 usiku, na ni usiku wa kuamkia tarehe 22. Maana yake unatoka nyumbani tarehe 21 baada ya chakula cha jioni, ili ufike muda wa saa tatu nzima kabla ndege ya nje haijaruka. Anayesubiri usiku wa tarehe 22 atakuta ndege imeondoka tangu alfajiri. Na ikiandikwa 08:00, hiyo ni saa mbili asubuhi, si saa nane. Kaa na mzee wako, mwandikie kwenye karatasi kwa saa za Kiswahili, na siku ya wiki uitaje.

Kwa nini mtu mzima wa afya anashuka kwenye ndege akiwa amechoka kama aliyelima?

Kwa sababu mwili wake ulikuwa mlimani. Hewa ya ndani ya ndege hushindiliwa, lakini haifikishwi kwenye ile ya usawa wa bahari. Inakuwa kama ya mahali penye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400. Mtu wa Kariakoo anakuwa kama amehamishiwa Njombe ghafla, tena amekaa tu. Mwenye mapafu na moyo mzima hapati shida. Mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, au mwenye upungufu mkubwa wa damu, aonane na daktari wake wiki kadhaa kabla, maana wengine huhitaji oksijeni, na oksijeni huombwa shirika la ndege mapema.

Hewa hiyo pia ni kavu sana, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20. Koo linakauka, macho yanawasha, kichwa kinauma. Kunywa maji kidogo kidogo njia nzima, hata kama unaogopa kwenda chooni. Akina mama wengi hujinyima maji kwa sababu hiyo, na wanashuka wakiwa na hali mbaya zaidi. Omba kiti cha kando ya njia, basi.

Umewahi kuona pakiti ya krispi ikivimba ndege ikiwa juu? Gesi ya tumboni nayo hutanuka vivyo hivyo. Siku ya safari maharage na soda vipumzike.

Miguu huvimba. Ni hatari?

Kuvimba kidogo miguu yote miwili baada ya kukaa ni kawaida, kunaisha kwa siku moja hivi. Kinachotisha ni damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo kama mara mbili, ingawa bado ni mtu mmoja kati ya 6,000 hivi. Kwa hiyo usikose usingizi. Ila kama umewahi kuganda damu, umefanyiwa upasuaji karibuni, una saratani, ni mjamzito au umejifungua juzijuzi, uzito ni mkubwa, au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, zungumza na daktari kwanza. Anaweza kukupa soksi maalumu za kubana au sindano. Aspirini usijianzishie.

Wengine wote: simama utembee kila baada ya saa moja au mbili, na ukiwa umekaa kanyaga vidole na kuinua visigino, kigimbi kifanye kazi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikabana na kifua kuchoma, hata wiki mbili baada ya safari, nenda hospitali siku hiyo hiyo na utaje kwamba ulisafiri kwa ndege.

Nimpe mtoto piritoni alale?

Hapana. Naulizwa hili karibu kila siku, na najua anayeuliza amechoka, anaogopa macho ya abiria wenzake. Lakini dawa ya mzio si dawa ya usingizi wa mtoto. Kwa wadogo, hasa chini ya miaka miwili, inaweza kupunguza nguvu ya kupumua, na wapo watoto ambao badala ya kulala huchangamka na kulia zaidi.

Kinachomliza mtoto mara nyingi ni masikio. Ndege ikianza kushuka, msukumo wa hewa hubadilika haraka kuliko kile kijia kinachounganisha sikio na koo kinavyoweza kufunguka. Kumeza ndiko kunakokifungua. Mnyonyeshe au mpe chupa wakati wa kushuka, na anza mapema, kama nusu saa kabla ya kutua. Akiwa amelala, mwamshe. Mkubwa apewe pipi ya kutafuna. Mtu mzima mwenye mafua anaweza kupulizia dawa ya kuzibua pua kabla ya kushuka, lakini mwenye presha asinunue vidonge vya kuzibua pua bila kuuliza, baadhi hupandisha presha.

Naogopa ndege mpaka moyo unadunda. Nifanye nini?

Hofu hiyo si ushamba. Chagua kiti karibu na mabawa, mtikisiko hupungua hapo. Mwambie mhudumu mapema kwamba unaogopa, watakupitia. Moyo ukianza kwenda mbio, vuta pumzi ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, dakika tano mfululizo. Kahawa iache siku hiyo. Pombe pamoja na kidonge cha usingizi ni mchanganyiko wa hatari, na mtu aliyelala fofofo kwa muda wa saa nane bila kugeuka ndiye yule ambaye damu inaweza kumganda mguuni.

Kadi yangu ya njano imepita miaka kumi. Nichanje tena?

Huna haja. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinakubalika maisha yote. Kama hujawahi kuchanja, usingoje wiki ya mwisho: cheti kinaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano.

Na dawa za kwenda Dubai au Oman?

Huko dawa kali za maumivu kama tramadoli na zenye kodeini, pamoja na za usingizi na wasiwasi, zinadhibitiwa vikali. Falme za Kiarabu zinataka kibali kabla hujafika. Usimbebee jirani mfuko usioujua una nini, hata akiwa ndugu.

Mjamzito?

Mimba ya mtoto mmoja isiyo na matatizo, mashirika mengi hukubali hadi wiki 36, mapacha 32, na kuanzia wiki ya 28 hutaka barua ya daktari. Mkanda ufungwe chini ya tumbo.

Sisi tunaokaa Ulaya na Marekani tunakuja nyumbani. Malaria tuliizoea utotoni, tumeze dawa za nini?

Kinga ile ilitokana na kuumwa na mbu mara kwa mara, na ukikaa nje inapungua. Watoto waliozaliwa huko hawanayo kabisa. Nendeni kwa daktari wenu wiki nne hadi sita kabla ya safari awaandikie dawa ya kinga. Nyingine huanza siku moja au mbili kabla, nyingine wiki mbili au tatu, na zote huendelea baada ya kurudi: atovakwoni na proguanili siku 7, doksisaiklini wiki 4. Wengi huziacha uwanjani wakiagana. Chandarua kipo kwa bibi, laleni ndani yake.

Mkirudi, homa ikija Januari, Februari, hata miezi kadhaa baadaye, msiiite mafua ya baridi. Daktari wa kule anaweza kukaa miaka bila kuona malaria. Mwambieni kabla hajauliza: nilikuwa Tanzania, naomba nipimwe malaria leo.