Punda Mpelelezi Si Sungura Mjanja

Nimeambiwa tena kwamba hadithi ya upelelezi wa wanyama kwa watoto ni Sungura Mjanja aliyevishwa kofia. Siyo, na dhana hiyo ndiyo inayoharibu miswada. Katika ngano, Sungura humshinda Fisi kwa hila, na msikilizaji huifurahia hila bila kutakiwa kuitegua. Katika upelelezi, mtoto apewe nafasi ya kumtangulia mpelelezi. Kila dalili inayomtia mwizi hatiani iwe imeshapita mbele ya macho ya mtoto kabla ya sura ya mwisho. Ukimficha umemdhulumu, na mtoto wa miaka 9 hasamehe.

Mengine ni mepesi. Panga kisa kuanzia mwisho. Washukiwa watatu wanatosha. Kosa liwe dogo: kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, imepotea, basi.

Linalonikera zaidi ni mnyama asiye na unyama. Ukimtoa punda ukamweka mwanafunzi, na kisa kikabaki kilekile, punda huyo kaja kufanya nini? Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Basi mfunge karibu na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba moja ya mtaa wa Langoni, Lamu, mkia ukielekea mlangoni. Aape kwamba hakuona mtu, na awe mkweli. Lakini masikio yake yalinasa ko, ko, ko ya mitalawanda, viatu vya mbao. Mitalawanda ni ya chooni. Hapiti mtu nayo vichochoroni. Basi mwizi hakuja kutoka nje, alikuwemo ndani ya nyumba. Mtoto aliyeiona mitalawanda hiyo sura ya 2, imepangwa kando ya birika la maji, ameshamjua mwizi.

Halafu paka. Kila mara anashtakiwa kuiba halua kwa ajili ya utamu. Ulimi wa paka hauonji utamu wa sukari! Hata hivyo nina shaka kumwachia huru kwa hoja hiyo pekee, maana halua ina samli, na mafuta paka huyafuata. Ukitaka hoja isimame, kilichoibwa kiwe sukari guru. Nyayo nazo zichorwe sawa: paka akitembea hurudisha kucha ndani, kwa hiyo alama yake haina kucha, ya mbwa inazo. Mchoraji akikosea hapo, amemfunga asiye na hatia.

Maji ya bahari ndiyo saa bora ya upelelezi huku kwetu, na waandishi wanayapuuza. Maji yakijaa saa saba mchana, yatajaa tena kama saa saba na dakika 25 usiku. Nyayo zilizokutwa alfajiri ufukweni Shela, kijiji cha jirani na mji wa Lamu, chini ya mstari wa mwani ulioachwa na maji hayo, zimekanyagwa baada ya hapo. Anayedai alipita baada tu ya sala ya isha anasema uongo. Mtoto wa Shela atamkamata papo hapo. Yule wa bara aoneshwe mapema, sura ya 3, maji yakifuta nyayo za kunguru, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, kimoja kimoja. Kama mara moja inatosha, sina hakika. Mimi huonesha mara mbili.