Skrini ya pili si eneokazi pepe

Anayewasaidia watu wenye kompyuta za skrini mbili au tatu hulisikia lalamiko hili mara kwa mara: njia ya mkato ya kuhamisha dirisha haifanyi kazi. Ukimuuliza mlalamikaji amebonyeza vitufe gani, mara nyingi atakujibu kwamba ni Windows, Ctrl na mshale wa kulia, na hapo inadhihirika kwamba hakuna kilichoharibika. Ameiagiza kompyuta ihamie eneokazi pepe jingine. Kama lipo imehamia, na kama halipo imekaa kimya.

Maana zenyewe ni fupi. Skrini ni kifaa chenye kioo na waya, na dirisha ni nafasi ambamo programu hujionyesha. Eneokazi pepe ni kundi la madirisha ambalo mfumo unaweza kulificha lote kwa pamoja na kuweka jingine mahali pake, hata kwenye kompyuta yenye skrini moja tu.

Kinachokera ni mazoea ya kuviita vyote viwili "skrini ya pili". Skrini ya kweli huongeza kinachoweza kuonekana kwa wakati mmoja, ilhali eneokazi pepe haliongezi hata sentimita moja ya kioo, bali huongeza kinachoweza kuwekwa kando huku programu zake zikiendelea kufanya kazi. Katika Windows, ambayo ilipata maeneokazi pepe ya kwake yenyewe katika toleo la 10 la mwaka 2015, kubadilisha eneokazi hubadilisha skrini zote kwa mpigo, na ndiyo maana aliyebonyeza Ctrl mahali pa Shift huona madirisha yake yote yametoweka na kudhani kwamba kazi imepotea. Vitufe vya kulipeleka dirisha kwenye skrini nyingine ni Windows, Shift na mshale wa kushoto au wa kulia, navyo vilikuwapo tangu Windows 7 ya mwaka 2009, miaka kadhaa kabla ya maeneokazi hayo. Windows na mshale bila kitufe cha tatu hulibana dirisha kwenye nusu ya skrini, na ukizidi kubonyeza, dirisha huvuka hadi skrini jirani. Nashuku kwamba kuvuka huko ndiko kulikowaaminisha wengi kuwa mishale yote hufanya kazi moja.

Watumiaji wa macOS, mfumo wa kompyuta za Mac, wana udhuru zaidi. Tangu toleo lake la mwaka 2013, OS X Mavericks (jina la mfumo huo wakati huo), kila skrini inaweza kuwa na maeneokazi yake, hivyo Control na mshale hubadilisha upande mmoja na kuuacha mwingine ulivyo. Mpangilio huo ukiwa umewashwa, dirisha haliwezi kutandazwa juu ya skrini mbili, jambo ambalo nalo huripotiwa kama hitilafu. GNOME, mazingira ya eneokazi yanayotumika kwenye Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida hubadilisha skrini kuu pekee.

Hitilafu za kweli zipo, ila ni chache. Skrini zikiwa katika hali ya kurudufisha, zote huonyesha picha ileile na dirisha halina pa kwenda. Windows na P hufungua orodha ya kuchagua hali ya kupanua, ambapo kila skrini huwa na nafasi yake. Skrini iliyozimwa bila kuchomolewa huenda bado ikahesabiwa na mfumo, kwa hiyo dirisha likatumwa mahali pasipoonekana; lichague kwa Alt na Tab, kisha lirudishe kwa Windows, Shift na mshale. Anayetumia kompyuta ya mbali naye achunguze ni kompyuta ipi inayopokea vitufe vyake, kwa kuwa huenda agizo limefika kwenye mashine asiyoikusudia.

Basi kabla ya kubadilisha mipangilio au kusakinisha upya chochote, tazama skrini zote, si dirisha peke yake. Kama katika Windows zote zimebadilika kwa pamoja, umehama eneokazi: bonyeza Windows, Ctrl na mshale wa upande wa pili, madirisha yatarejea yalivyokuwa, kisha ulihamishe lile ulilolitaka kwa Shift.