Usimalizie matairi mabovu kwenye remorke

Juzi nilisimama kwa kwado mmoja, fundi wa kuziba matairi, kwenye njia ya Kasumbalesa, nikamkuta dereva amechuchumaa kando ya remorke yake, yaani tela, ameshika kipande cha tairi lililopasuka. "Mwalimu," akaniambia, "hili ni jipya, hata miezi miwili halijamaliza." Nilichukua nyundo nikagonga tairi la ndani, pacha wake. Mlio ukatoka mzito, kama umegonga gunia la mchanga. Upepo ulikuwa umeisha, na hakuna aliyejua tangu lini.

Nafundisha ufundi wa magari makubwa katika chuo kimoja hapa Lubumbashi, na jambo hili nakutana nalo mara nyingi mno. Mwenye gari ananunua matairi mazuri kwa ajili ya kichwa kinachovuta, yale yaliyochoka anayarudisha nyuma. Lakini shaba inayotoka Kolwezi, au tindikali inayopelekwa migodini, imekaa huko huko nyuma.

Kabla ya kwenda dukani, fanya hesabu. Tuseme ekseli tatu za remorke zinabeba tani 24, mzigo pamoja na uzito wa remorke yenyewe juu yake. Kila ekseli ina tani 8. Ikiwa na matairi manne, kila moja linabeba kilo 2,000. Ikiwa ina mawili mapana, kila moja linabeba kilo 4,000. Ukipita kwenye mizani, omba uzito wa kundi la ekseli za nyuma, si jumla ya gari peke yake.

Sasa soma ubavu wa tairi. Kwenye tairi la saizi 315/80R22.5 unaweza kukuta namba za uwezo wa kubeba, 154/150 au 156/150. Namba ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake, ya pili ni ya tairi lenye pacha. 150 ni kilo 3,350, 154 ni kilo 3,750, 156 ni kilo 4,000. Kwenye tairi pana la 385/65R22.5 tafuta 160, yaani kilo 4,500. Maandishi ya 20PR yasikudanganye kwamba ndani mna nyuzi ishirini. Ni kipimo cha nguvu tu.

Turudi kwa yule dereva. Tuseme mzigo wake ulikuwa kama ule wa hesabu yetu. Pacha wa ndani alipoisha upepo, kilo 4,000 zote zilimwangukia wa nje, na tairi lake lilikuwa la 154. Lilibeba kuliko uwezo wake, likachemka hadi likapasuka. Mwenye duka hakumuuzia tairi bovu.

Kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara, nayo ina maana. Wengi hupenda meno makubwa, marefu, wakidhani ndiyo nguvu. Meno hayo ni ya ekseli zinazosukuma. Tairi la remorke halisukumi, linaviringika tu, na kwenye kona kali linaburuzwa kando. Linahitaji mistari iliyonyooka, kashata fupi isiyohifadhi joto jingi, na ubavu mgumu. Kama unaingia barabara za mawe za mgodi, chukua aina iliyotengenezwa kwa ajili ya mawe, hata ikiwa ghali zaidi. Wala usifunge pacha mpya na kuukuu pamoja: lile refu litabeba mzigo, lile fupi litasuguliwa na lami.

Tarehe ipo baada ya herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililoanikwa juani mbele ya duka linazeeka hata kama halijatembea.

Kwa wanaonunua ya okasio, yaliyokwisha tumika, nawasihi: ingiza mkono ndani ya tairi. Ukikuta mduara mweusi uliosagika kama unga wa mpira, au ubavu una mawimbi chini ya vidole, liache. Lilitembezwa bila upepo. Nyuzi za chuma za ubavuni zimechoka, na siku litakapojazwa zinaweza kukatika mfululizo kama zipu. Mlipuko huo unaua. Nimeona vijana wa kwado wakijaza huku wameinamia tairi, uso karibu na vali, na moyo wangu hukosa raha kila mara. Weka tairi ndani ya kizimba cha chuma, tumia mpira mrefu wa upepo, usisimame mbele ya ubavu.

Upepo wenyewe upime asubuhi, kabla gari halijatembea. Tairi la 385 lenye 160 kwa mzigo wake kamili huomba kama bar 9, karibu psi 130. Mengine fuata jedwali la mtengenezaji. Ukisimama Likasi ukakuta kipimo kimepanda, usipunguze. Ni joto la safari, likipoa litashuka lenyewe. Lakini moja likiwa moto kuliko wenzake, usiondoke hapo: gonga la ndani kwanza.