Jina kwenye cheti, mtu dirishani: tuwaelewe transijenda

Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limtolee Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, cheti kipya cha KCSE, yaani mtihani wa kumaliza sekondari. Mbugua alifanya mtihani huo mwaka 2001 na kufaulu, lakini cheti kilikuwa na jina la kiume alilopewa alipozaliwa, pamoja na alama ya jinsia ambayo haikuoana na mtu aliyekishika. Kutafuta kazi kwa karatasi ya namna hiyo ni kujitafutia maswali. Hoja ya jaji ilikuwa nyepesi kueleweka: alama za mtihani hutokana na majibu ya mtahiniwa. Jinsia haimwongezei maksi wala haimpunguzii, basi cheti kinaweza kutolewa bila kuitaja na kisipoteze chochote.

Miezi michache kabla ya hapo, Julai 2014, Jaji George Odunga alikuwa ameiamuru bodi ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ilisajili shirika la Mbugua na wenzake, Transgender Education and Advocacy, ambalo bodi hiyo ilikuwa imelikatalia.

Nimeanza na kesi hizi kwa makusudi. Sisi tunaofundisha watumishi wa umma kuhusu jambo hili huulizwa kila mara kwamba tunataka watu waamini nini. Mimi huanzia kwingine: mtu huyu amekuja dirishani kwako, karatasi yake inasema hivi na sura yake inasema vile, utafanya nini? Sehemu kubwa ya madhila wanayoyapata watu transijenda hutokea hapo, mbele ya karani, nesi, askari, mwalimu wa zamu au wakala wa pesa za simu anayegeuzageuza kitambulisho na kumwita mwenzake aje atazame.

Kwanza tuelewane juu ya wanaozungumziwa. Mtoto anapozaliwa, mkunga humtazama na kusema mvulana au msichana, na likaandikwa. Kwa watu wengi mno, kauli hiyo ya chumba cha kujifungulia inakubaliana na wanavyojijua siku zote za maisha yao, wala hawapati sababu ya kuifikiria. Kwa wachache haikubaliani. Mtu aliyeandikwa mvulana anajijua kuwa ni mwanamke, au aliyeandikwa msichana anajijua kuwa ni mwanamume, na hali hiyo haiondoki kwa kukemewa, kuchapwa wala kuozeshwa. Huyo ndiye mtu transijenda. Wapo wanaolitambua jambo hili utotoni, na wapo wanaolikiri wakiwa wameshakuwa watu wazima wenye familia. Wengine hubadili jina na mavazi tu, wengine hutumia homoni chini ya uangalizi wa daktari, na wachache hufanyiwa upasuaji. Kwa hiyo lile swali linalopendwa sana, "umeshafanyiwa operesheni?", halipimi chochote. Ni utovu wa adabu, sawa na kumuuliza mgeni habari za viungo vyake vya siri mbele ya watu.

Hapa pana kuchanganya kwingi, hata miongoni mwa wasomi. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya kijinsia, yaani kromosomu, tezi au viungo, ambayo hayaangukii moja kwa moja upande wa kike wala wa kiume. Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja waziwazi. Mtu transijenda kwa kawaida hana utata wa maumbile. Suala lake ni namna anavyojijua. Tena hilo ni mbali na suala la nani anampenda nani. Mwanamke transijenda anaweza kupenda wanaume, akapenda wanawake, au asiwe na hamu na yeyote. Mijadala ya redioni huingia chumbani dakika ya pili tu, na kuanzia hapo hakuna anayejifunza kitu.

Je, ni ugonjwa wa akili? Shirika la Afya Duniani lilijibu swali hili Mei 2019, pale Mkutano Mkuu wa Afya ulipopitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa. Toleo hilo, lililoanza kutumika Januari 1, 2022, liliihamisha hali hii kutoka sura ya maradhi ya akili na kuiweka katika sura ya masuala ya afya ya kujamiiana. Haikufutwa kabisa, na sababu yake ni ya kivitendo: jambo lisilokuwa na namba katika orodha hiyo huwa vigumu kulitibu na kulilipia. Anayehitaji homoni au ushauri anahitaji mlango wa kupitia. Huzuni nzito, usingizi kukatika na mawazo ya kujiua tunavikuta kwa baadhi yao, ndiyo, lakini ukikaa na mtu ukamsikiliza utakuta ametimuliwa nyumbani, ameacha shule na hana kazi. Nani asingeugua?

Kuna jambo ambalo madaktari wenyewe wanabishana, na si haki kulificha. Ni dawa za kuchelewesha balehe kwa watoto. Nchini Uingereza, ripoti iliyoongozwa na Daktari Hilary Cass, iliyotoka Aprili 2024, ilisema ushahidi wa manufaa ya dawa hizo kwa watoto ni dhaifu, na serikali ikazizuia nje ya utafiti. Vyama vingine vya madaktari, hasa Marekani, havikukubaliana na mwelekeo huo. Ni mjadala halali wa kitabibu. Ila hauhusu hata kidogo kama karani wa masjala ana ruhusa ya kumcheka mtu mzima wa miaka 30.

Suala la dini huja katika kila mafunzo, na mimi silikwepi. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 ambaye vitabu vyake vya fikihi ya Kishafii vimesomeshwa katika pwani yetu vizazi kwa vizazi, aliandika katika ufafanuzi wake wa Sahihi Muslim, mkusanyo mashuhuri wa hadithi za Mtume, kwamba wanaume wenye tabia za kike wako namna mbili. Yupo aliyeumbwa hivyo bila kujilazimisha: huyo hana lawama, hana dhambi, hana adhabu, kwa kuwa hakujifanyia mwenyewe. Na yupo anayejitia makusudi, ambaye ndiye aliyelaumiwa. Nawawi hakuwa akizungumzia transijenda kama tunavyowaeleza leo, na si haki kumtwisha maneno ambayo hakuyasema. Lakini alianza kwa kuuliza hali ya mtu kabla ya kutoa hukumu, jambo ambalo wengi wanaopiga kelele kwa jina la dini hawalifanyi. Kwa Wakristo, Mathayo 19:12 inataja matowashi waliozaliwa hivyo toka matumboni mwa mama zao. Towashi si transijenda. Hata hivyo, aya hiyo imewafanya wachungaji kadhaa katika mafunzo yetu watulie kidogo.

Na wale wanaosema haya yametoka Ulaya juzi? Miongoni mwa Walango wa kaskazini mwa Uganda, kitabu kilichochapishwa mwaka 1923 kilieleza habari za mudoko dako, watu waliozaliwa wakiwa wanaume na kuhesabiwa wanawake. Wakati huo hakukuwa na intaneti wala wafadhili.

Sasa turudi kwenye elimu yenyewe. Je, chuki hii inafundishika ikaondoka? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa matumaini tu. Kisha mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha jaribio la David Broockman na Joshua Kalla lililofanyika Miami, Marekani. Watu waliopewa mafunzo walibisha hodi kwa wapiga kura na kuzungumza nao kwa dakika 10 hivi. Hawakuhutubia wala hawakugawa vijitabu. Walimuuliza mwenye nyumba anaonaje, wakamsikiliza bila kumsuta, kisha wakamwomba akumbuke siku ambayo yeye mwenyewe alidharauliwa kwa sababu alionekana tofauti na wenzake. Mtu akaisimulia siku hiyo. Baada ya hapo ndipo habari za transijenda zilipoingia. Chuki ilipungua, na miezi mitatu baadaye upungufu huo ulikuwa bado upo. Tena haikuwa lazima mzungumzaji awe transijenda. Na wasiokuwa transijenda nao walifaulu.

Utafiti huu unaaminika zaidi kwa sababu ya kisa kilichoutangulia. Mwaka 2014 jarida hilohilo lilichapisha matokeo yanayofanana nayo kuhusu ndoa za jinsia moja, na mwaka 2015 likayafuta, baada ya Broockman, Kalla na mwenzao mmoja kubaini kwamba takwimu zake zilikuwa na kasoro kubwa. Waliofichua uongo ndio waliolifanya jaribio upya kwa uangalifu.

Mimi nimejifunza mengi kutokana na jaribio hilo. Slaidi 40 za istilahi hazimbadilishi askari. Mwulize askari huyo kuhusu siku aliyoitwa mshamba alipofika mjini, au alipofukuzwa ofisini kwa sababu ya viatu vyake, naye atakuwa na la kusema. Akimaliza, mpe utaratibu wa kazi. Moyo wake ataendelea nao yeye na Mola wake. Utaratibu ni wa mwajiri, nao unaweza kudaiwa kesho asubuhi.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mteja akifika na kitambulisho kisichofanana naye, hakiki picha, tarehe ya kuzaliwa na alama za vidole kama mashine ipo, kisha endelea na shughuli iliyomleta. Muulize, kwa sauti ya watu wawili, angependa aitwe nani. Kiswahili kimeturahisishia, kwa kuwa "yeye" haichagui. Tunapojikwaa ni kwenye kaka, dada, mama na mzee, basi tumia jina mpaka ujue. Usiite mwenzako aje aone. Usipige picha. Na kama suala la jinsia halihusiani na huduma, usiliulize. Anayekuja kupimwa malaria hana sababu ya kukueleza maisha yake.

Kwa askari, mambo ni mazito zaidi. Agosti 2025 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret alimpa mwanamke transijenda fidia ya shilingi milioni 1 kwa aliyotendewa baada ya kukamatwa mwaka 2019, ikiwemo kupekuliwa mwili na kulazimishwa kuchunguzwa ili jinsia yake ijulikane. Jaji aliitaka pia serikali itunge sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Huntha aliyeko kizuizini Kenya tayari ana haki kisheria ya kuamua apekuliwe na afisa wa jinsia gani. Transijenda hajaandikiwa haki hiyo, kwa hiyo kwa sasa anategemea busara ya mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo mwenye busara humuuliza, huandika jibu kwenye kitabu cha matukio, na humweka mahali asipoweza kudhuriwa na mahabusu wengine.

Kwa wazazi nina neno moja tu, kwa sababu nyie ndio mnaokuja mmechoka zaidi. Mtoto akikwambia jambo hili, hulazimiki kuamua chochote siku hiyo. Hakuna dawa ya kununua wala fomu ya kujaza. Kinachotakiwa kwanza ni alale nyumbani, ale, na aende shule kesho yake. Kumpeleka kwa mtu wa kumtoa "pepo" kwa fimbo na njaa ni kosa la jinai, hata akiwa ni mtu wa dini.

Kwa wasimamizi wa vituo vya afya, lipo jambo mnaloweza kulianza Jumatatu bila bajeti. Acheni kuita majina matatu kwa sauti kwenye foleni. Nesi anapopaza jina la kiume na akasimama mtu aliyevaa gauni, watu hamsini hugeuka, na mgonjwa yule harudi tena, awe na kifua kikuu au shinikizo la damu. Wapeni wagonjwa namba kwenye kikaratasi, iteni namba, na jina mliulize ndani ya chumba mlango ukiwa umefungwa. Mwenye kisonono na binti aliyekuja kupima mimba watawashukuru pia.