Protini hujuaje pa kwenda? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Ribosomu (mashine za seli zinazotengeneza protini) zilizoshikamana na retikulamu endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, ni za aina tofauti na zile zinazoelea.

Ni zile zile. Ribosomu huanza kazi ikiwa inaelea kwenye saitoplazimu, yaani umajimaji wa seli, na itakakoishia huamuliwa na protini yenyewe inayochomoza kutoka ndani yake. Ugunduzi kwamba protini hubeba anwani ndani ya mfuatano wake ulimpa Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999, na ukiuelewa huu, mengine yote hufunguka.

Chukua insulini. Mnyororo wake wa kwanza una amino asidi (vijenzi vya protini) 110, na 24 za mwanzo ni alama ya safari, yenye sehemu ya kati isiyopatana na maji. Alama ikichomoza tu, chembe iitwayo SRP huinasa, usanisi (utengenezaji wa protini) hupungua kasi, na ribosomu hupelekwa hadi kwenye utando wa retikulamu, juu ya mlango uitwao Sec61. Hapo usanisi hushika kasi tena huku mnyororo ukipenya ndani. Kimeng'enya hukata alama, zikabaki amino asidi 86: hii ndiyo proinsulini. Hukunjwa, hufungwa kwa vifungo vitatu vya salfa, kisha vifuko huibeba hadi Golgi, kituo cha seli cha kuchambua na kutuma protini. Ndani ya vifuko vinavyotoka Golgi, kipande cha kati cha amino asidi 31, C-peptaidi, hukatwa pamoja na amino asidi 4 za maungio. Insulini kamili ina 51.

C-peptaidi humwagwa kwenye damu pamoja na insulini, molekuli kwa molekuli, ilhali insulini ya sindano haina kipande hicho. Ndiyo maana daktari huipima anapotaka kujua kongosho la mgonjwa anayejidunga bado linatengeneza insulini kiasi gani.

Dhana: Kila protini lazima ipitie Golgi.

La. Protini za kiini cha seli na karibu zote za mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) hukamilishwa na ribosomu zinazoelea, na hazipiti Golgi kabisa. Isiyo na alama yoyote hubaki saitoplazimu.

Njia hizi hazifanani. Protini ya kiini hupita kwenye vitundu vya utando ikiwa imeshakunjwa, ikiongozwa na amino asidi chache zenye chaji chanya, hasa lisini na arjinini. Alama hiyo haikatwi: utando wa kiini huvunjika seli inapogawanyika, na protini italazimika kuingia upya. Ya mitokondria huingia ikiwa imekunjuliwa, na kwa kawaida alama yake hukatwa ikishafika.

Dhana: Mitokondria ina DNA yake, kwa hiyo inajitosheleza.

Kwa binadamu, DNA hiyo ina maelekezo ya protini 13 tu. Nyingine, zaidi ya 1,000, hutoka nje.

Dhana: Ugonjwa wa kurithi maana yake protini fulani haitengenezwi.

Mara nyingine hutengenezwa vizuri, ila haifiki. Katika ugonjwa wa seli-I, kimeng'enya cha Golgi kinachoweka alama ya manosi-6-fosfeti hakifanyi kazi. Vimeng'enya vilivyopaswa kwenda lisosomu, vifuko vya kumeng'enya taka za seli, humwagwa nje ya seli. Kwenye damu vinajaa tele, huku ndani ya lisosomu taka zikirundikana bila kumeng'enywa.

Sistiki faibrosisi nayo, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu ute mzito, katika aina yake iliyoenea zaidi, hutokana na kukosekana kwa amino asidi moja, ya 508, kati ya 1,480 za protini CFTR. Protini hukunjika vibaya, retikulamu huizuia, na proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, huivunjavunja kabla haijafika kwenye utando wa seli, ambako ingepitisha kloridi. Dawa za elexacaftor na tezacaftor huisaidia kukunjika na kufika. Ivacaftor, inayotolewa pamoja nazo, huuweka mlango wake wazi ikishafika.